Nyuzi Kumi na Nane

Agosti, Al-Khoudh. Nje, kitasa cha mlango
kinababua kiganja tangu saa tatu asubuhi.
Ndani, wifi yangu Raya kajifunika blanketi la manyoya,
kiyoyozi nyuzi kumi na nane,
anapiga chafya.

Twachoma gesi tupate baridi,
kisha twanunua blanketi tupate joto.
Nikimwambia, hucheka: "Kwani bili walipa wewe?"

Silipi. Lakini juzi nilipanda juu na ndoo ya chokaa,
nikalipaka paa lote jeupe,
jasho likijitafutia njia mgongoni.
Nikaziba nyufa za madirisha kwa mpira.
Akaja Mundhir na vioo vyake sita vya umeme wa jua,
akavielekeza kusini,
akaondoka na kikombe changu cha kahawa.

Iliyobaki ni kazi ya vumbi.
Kila alfajiri navifuta kwa kanga ya mama,
maandishi yake yameshafutika, sijui tena ilisema nini.

Jana usiku Raya kaweka ishirini na tano.
Hakusema kitu, nami sikuuliza.
Mita ukutani yaenda bado,
ila polepole, kama mtu anayewaza.
Blanketi liko barazani.
Paka kalilalia.