Mkato

Kwenye dirisha la matangazo ya vifo, hapa Nyawera,
bei imebandikwa ukutani:
neno moja, franka mia mbili.
Alama za uandishi, bure.
Mwaka wa tisa huu, sijamwona
mteja aliyechukua hata moja.

Wanaleta karatasi ya daftari, imekunjwa mara nne,
maneno yamebanana kama nyumba za Kadutu:
ukuta wa huyu ndio mgongo wa yule,
pa kupitishia jeneza hapana.

Hiyo tashbihi ni yangu. Wao wanapenda sitiari.
*Mti mkubwa umeanguka*, wanaandika,
kila wiki mti mkubwa. Nimehesabu:
themanini na mitatu tangu Januari,
na vilima vyetu vipara vilevile.
Chuku nazo! *Alipendwa na wote*,
na nyuma kwenye foleni
amesimama mtu anayemdai mbuzi.
Sisemi kitu. Napiga muhuri.

Tashihisi sikuiamini mpaka Cimpunda,
usiku ule mlima uliposhuka,
ukaingia bila hodi,
ukalala kitanda kimoja na watoto.
Tangazo lile lilikuwa na majina saba.
Nilitia mikato sita kwa kalamu nyekundu
na kila mmoja ulinikwama kooni
kama mwiba wa samaki.

Lakini nilitaka kusimulia kosa langu.

Alhamisi. Mvua pa-pa-pa juu ya mabati,
jenereta linakohoa, na karatasi inasema:
*familia ya cirhuza inatangaza kifo cha baba mama nshobole na watoto wanne wanawangoja bagira*

Nikapumua mahali pabaya.
*Kifo cha baba*, nilisema, mkato,
*Mama Nshobole na watoto wanne*,
kisha nukta, kwa sauti ya huzuni niliyofundishwa.
Ule mkato, mdogo kama kucha ya panya,
ulimshika mwanamke upindo wa kitenge
ukamlaza kando ya mumewe,
na watoto juu yao, kwa ukubwa wao.
*Wanawangoja Bagira*, nikamalizia.

Alikuwa akichambua sombe, redio dirishani.
Majirani walipiga yowe kabla yake.
Shemeji wa Uvira, nasikia,
alishauliza bei ya majeneza sita.

Asubuhi kandambili zikalia ngazini, chapa, chapa.
Nikasimama. Yeye hakuketi.
— Ni wewe uliyenizika kwa mkato?
— Ni mimi, mama.
Akacheka kidogo. Kejeli au huruma, sijui;
mwalimu wangu angenilazimisha nichague moja.
— Leta kalamu. Baada ya Baba, nukta.
Mimi nianze na herufi kubwa.

Akaiweka mwenyewe. Akaitazama.
— Na wewe utaisoma kwa urefu gani?
Sikuwa na jibu. Vitabuni nukta haina urefu.
— Miaka thelathini na mmoja, akasema.
Usinipitishe mbio.

Saa moja jioni, taa nyekundu ikawaka.

*Familia ya Cirhuza inatangaza kifo cha Baba.*



Fundi Mugisho alidhani umeme umekatika.
Nilimwona kupitia kioo akinyakua dumu la mafuta,
mshale wa sauti umelala kwenye sifuri,
na mji mzima, Bagira mpaka Panzi,
labda ukitikisa redio, ukigonga betri.
Nikangoja. Nikamwona mtu nisiyemjua
akivua kofia, akiitundika, akirudi kuichukua.
Nikangoja tena.

*Mama Nshobole na watoto wanne wanawangoja Bagira.*

Mkurugenzi alinikata nusu siku: ukimya hewani.
Karatasi ninayo, ndani ya droo.
Nukta ile aliikandamiza sana;
ukigeuza upande wa nyuma
unaipapasa kwa kidole.