Ncha ya Burito

Kwa Eusebio bei huandikwa kwa chaki:
dola saba, juu ya sita iliyofutwa,
na nyuma ya sita kuna kivuli cha tano
kwa anayejua kutazama.
Sisi tunajua. Tulianza kuja enzi za tano,
theluji ya Chicago ikitufika magotini,
mimi na Anselmo, na koti moja la maana kati yetu.

Leo Alhamisi. Tumekuja na bahasha.

Karatasi za mahakama zinasema: gari, la bwana;
mbwa Canela, wa bibi; kitanda kiuzwe;
deni la friji, nusu kwa nusu.
Wakili kapanga kila kitu,
ila hakuuliza habari za Alhamisi.

"Moja, ikatwe katikati!"
Eusebio anapaza sauti kabla hatujaketi.
Kwake sisi ndivyo tulivyo, burito moja sahani mbili,
na hakuna anayemsahihisha.
Angesikitika,
na akisikitika huzidisha chumvi.

Tortila inavimba juu ya chuma, inapata madoa ya kahawia.
Wali. Maharage. Nyama ya nguruwe
iliyochemka tangu alfajiri hadi ikajisahau.
Jibini, ndimu, kitunguu, giligilani kiganja kizima.
Anakunja huku na huku, anaviringisha, anabana
kama mkunga aliyezalisha wengi,
kisha anaivika karatasi ya fedha,
na kisu kinashuka mara moja.

Nyuma yetu mafundi paa wanne wanakula kimya,
glavu zao zimelala mezani kama mikono ya ziada.
Mwana wa Maricruz anafanya hesabu za shule
juu ya jokofu la soda.
Bikira wa Guadalupe anawaka kijani, anazima,
anawaka; balbu moja imekufa tangu Krismasi ya mwaka juzi.

"Sahihi yako hapa," namwambia. "Na hapa."
"Ngoja nimeze kwanza."
Tone la pilipili linaangukia neno *mlalamikaji*.
Analifuta kwa kidole, anakilamba kidole.
Sijui hakimu atasemaje.

Tunakula. Nje basi linapita, linarusha tope jeupe.
Nusu yangu inapungua, karatasi ya fedha
naichana pole pole, duara kwa duara,
hadi nafika kwenye ncha.

Ncha sijawahi kuila.
Ule mkunjo wa unga mzito, uliolowa,
ambapo kila kitu huporomokea:
miaka kumi na mmoja nimemsukumia Anselmo,
kama mtu anavyokwangua ukoko wa chungu
akampa aliye karibu.
Naye akala. Kila Alhamisi akala,
akafuta masharubu, hakusema neno.

Leo mkono wangu unaenda wenyewe,
unafika nusu ya meza, unakumbuka,
unarudi.

Naila.

Jamani.

Mchuzi wote ulikuwa umekimbilia huku!
Mafuta ya nyama, ndimu, jibini iliyoyeyuka,
utamu wa burito nzima umeteremka,
umejikusanya chini, unasubiri mtu.

"Kumbe huku ndiko kutamu?"
"Ndiko."
"Na hukuniambia."
Anapapasa mifuko akitafuta kalamu,
koti, shati, koti tena.
"Nilidhani unajua," anasema.
"Nilidhani ndiyo maana unanipa."

Kalamu yake haina wino.
Maricruz anatuazima ya mwanawe, ya zambarau,
ina sungura kichwani.
Anselmo anaandika jina lake lote,
hata lile la mama yake ambalo huwa analiruka.

Kwenye sahani yake ncha imebaki.
Anaitazama. Naitazama.
Anakuja Eusebio na kitambaa chake, anafuta meza,
anaikuta, anaifunga vizuri katika karatasi ya fedha,
na bila kuuliza ni ya nani
anaiweka katikati.