Kielelezo cha Nne

Mimi ni mkalimani. Hakimu husema, nami husema tena,
Kiswahili kikiingia, Kimaragoli kikitoka,
kama maji kwenye mfereji; mfereji haunywi.

Jumanne hiyo, Mbale, mvua ikipiga mabati,
alisimama Finike Mmbone, wa soko la Luanda,
mkoba kwapani, viatu vya kanisani.

Shtaka la kwanza: kuuza dawa bila leseni.
Hilo lilikuwa jepesi.
Kopo la maziwa ya mtoto, ndani yake rangi mbili
na vidonge vya tumbo, vya kuuzwa kimoja kimoja.
Kielelezo cha kwanza.

La pili: kuuza kipodozi chenye zebaki.
Nikakwama. Zebaki, kwa lugha ya mama yangu, ni nini?
Nikasema: maji ya chuma.
Nikasema: kile kinachopanda kwenye kipimajoto cha zahanati.
Akanitazama kama mtu aonyeshwaye nyoka
ndani ya chungu alichopikia miaka saba.
"Hata mimi napaka," akasema.

Hilo nalo nikalitafsiri.
Kalamu ya hakimu ikasita, ikaendelea.

Mikebe kumi na minne, kielelezo cha pili.
Ripoti ya mkemia, cha tatu.
Cha nne hakikubandikwa namba:
uso mweupe kama kiganja, masikio meusi,
vifundo vya vidole vilivyogoma,
na chini ya macho, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu.

Aliyemletea mzigo kutoka Busia hakuwapo.
Kwenye faili ameandikwa "mtu mwingine."

Faini elfu sitini, au miezi minane.
Miaka kumi na moja natafsiri hukumu, najua:
neno zito si faini, wala si kifungo.
Ni hilo dogo la katikati, "au."
Mwenye pesa huona mlango. Finike aliona ukuta.

Akaniuliza mimi, si hakimu:
"Na huu uso, niurudishe kwa nani?"
"Amesema nini?" hakimu akauliza.
Nikajibu: "Anaomba muda wa kulipa."

Kosa hilo lina kifungu chake. Sijakitafuta.

Jioni, nyumbani Chavakali, mke wangu akiwa jikoni,
nikauchukua mkebe ulio kando ya kioo, nikaugeuza chini juu.
Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa,
kwa lugha nisiyoijua.