Daftari la Killymoyle

Mara ya kwanza nilimwandika kwa penseli ya buluu,
nyeusi ikiwa imevunjika ncha:
Gormley, F., wa kumi na moja, wa mwisho,
miaka kumi na mitatu, suruali ya kaka yake
imekunjwa mara mbili kiunoni.
Akatolewa kwa mpira wa kwanza.
Akaja dirishani kwangu na gongo kwapani:
"Bi Hester, sifuri nayo huandikwa?"
Huandikwa, nikamwambia. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Kwao wanakama ng'ombe themanini.
Baba mtu kriketi haijui; anajua bei ya maziwa
na ukuta wa zizi wenye madoa mekundu ya mpira,
mengi kama tetekuwanga, yote usawa wa goti.
Kijana alirusha baada ya kukama, taa za trekta zikimulika:
tu. Kimya. Tu.
Siku asiporusha, asema mamaye, maziwa yalipungua.
(Hilo sikuliandika. Halina safu yake.)

Akarefuka kama magugu nyuma ya banda.
Kumi na sita: wiketi thelathini na moja.
Kumi na saba: mgongo.
Ufa mwembamba kama unywele ndani ya mfupa,
daktari wa Derry aliuonyesha kwa ncha ya kalamu.
Kiangazi kizima akakaa nami kibandani,
akinichongea penseli, akinimalizia biskuti,
akisoma kurasa kuukuu:
marehemu wa Killymoyle, mmoja mmoja,
na sifuri zao.

Kisha simu. Kisha kofia ya kijani.
Tulikwenda Dublin basi zima, mama mtu
amevaa viatu vya kanisani,
mimi na daftari langu ambalo hakuna aliyeliomba.
Mvua ya kwetu haina papara. Haipigi, inakaa,
kama mgeni aliyemaliza chai na haagi.
Sarafu ilikwisharushwa, majina yalikwishatajwa,
kwa hiyo mechi inahesabika:
hakurusha, hakupiga, hakudaka,
amechezea taifa.
Nikaandika jina, na mbele yake weupe mtupu.
Sijapata kuandika mstari mzuri kama ule.

Mechi ya pili jua lilikuwapo, bahati mbaya.
Ova sita, mbio hamsini na tatu, wiketi hakuna.
Dukani watu walimzungumzia bei ya mbolea.
Alfajiri nilipopita kwa baiskeli
niliusikia ukuta ukijibu:
tu. Kimya. Tu.

Ya tatu, Belfast. Mpira ukalamba ukingo wa gongo,
mdakaji akaudaka, mwamuzi akainua kidole,
na Fintan, wanasema, hakupiga kelele;
aliutazama mkono wake kama wa kuazima.
Wanasema. Mimi nilikuwa nimeinama
natafuta kifutio chini ya kiti.
Miaka arobaini na miwili ya kuandika, na hiyo ndiyo niliyoikosa.
Nikamuuliza jirani, naye alikuwa anafungua mkate.
Nikainakili kutoka ubaoni, kama mwizi.

Jumamosi hii taifa halikumwita.
Yumo kwetu, dhidi ya Drumlea, atapiga wa tisa,
na redio imeahidi manyunyu tangu saa nane.
Nimechonga penseli mbili.
Kifutio nimekifunga kwa uzi.