Goti la Fundi Majiko

Jumapili mji wa Tartu hauna haraka. Mto umeganda,
na mimi nimekuja kulisha.
Sina kuku, sina ng'ombe. Nina visahani ishirini na vinne
katika kabati lenye joto la mwili,
nyuzi thelathini na saba, usiku na mchana,
kana kwamba mtu amelala humo, ila mtu hayumo.

Nazibadilishia maji, mekundu kama matunda ya kinamasi:
sukari kidogo, chumvi, na ile protini
inayozinong'oneza: msiwe mafuta, msiwe mfupa,
kuweni kile kitelezi kilicho kati ya mfupa na mfupa.
Seli shina ni mtoto wa darasa la kwanza.
Muulize atakuwa nani akikua: atakujibu, wote.

Kundi la Oktoba halikusikia.
Wiki ya tano liliota chokaa, likagonga kibanio: ti.
Nikaandika daftarini, *mfupa*,
nikalitupa,
nikala mkate wangu wa rai nimesimama.

Kundi hili limetoka katika uboho wa nyonga
ya mwanamume ambaye karatasi inamwita Kumi na Saba.
Jina sikupaswa kulijua.
Lakini Alhamisi alikuja mwenyewe, theluji begani,
mkongojo mkononi, akauliza mlangoni,
"Yule wangu yuko hapa?"
kama babu aliyemfuata mjukuu shuleni.

Endel Vaarik, mjenzi wa majiko ya vigae.
Mtaa wa Njegere, Mtaa wa Viazi, Mtaa wa Kunde
(ndiyo, upande ule wa mji mitaa ina majina ya mboga),
hakuna nyumba ya mbao ambayo hakuipigia magoti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Yeye aliinama miaka arobaini na mmoja,
na cha mvunguni kilikuwa majivu.
Sasa goti la kulia linasaga
kama kinu kisicho na nafaka.

Nikamwekea kisahani chini ya hadubini. Akavua miwani.
Punje nyeupe, ukubwa wa dengu,
inatazama kama jicho la samaki aliyechemshwa.
"Linaumwa?"
Nikamwambia, gegedu halina neva. Halina hata tone la damu.
Ndiyo maana likichanika halilii,
na ndiyo maana halijiponyi:
habari haifiki, msaada hautumwi.
"Mke wangu," akasema, "angedhani unanisema mimi."

Nikamwonyesha mashine. Pistoni inalibonyeza
mara moja kila sekunde, saa tatu kwa siku,
kisha linaachwa lipumzike,
maana lisipobebeshwa mzigo hubaki uji.
Tumelitengenezea mwendo usio na mguu,
ngazi isiyo na nyumba.
Alisikiliza, kichwa upande. Tk. Tk. Tk.
"Huyu anapanda na ndoo ya udongo," akasema.
"Ghorofa ya tatu. Bado hajazoea."

Halafu akauliza lile nililoliogopa:
lini.

Nikatazama sakafu. Karatasi aliyotia saini
inasema, ukurasa wa nne, kwamba hatarudishiwa kitu.
Ni utafiti. Labda mtu mwingine, labda miaka kumi,
labda goti ambalo leo linafukuza mpira uani mwa shule
na halijui kama ni goti.
"Niliusoma," akasema. "Nilitaka tu kuusikia
kwa mdomo wa mtu."

Alipokuwa akifunga koti, akaligeukia bomba la joto ukutani,
akalibisha mara mbili kwa kifundo cha kidole,
kama apimavyo kigae.
"Hili lina hewa ndani. Mwambie anayehusika."
Akashuka ngazi, mguu mzima kwanza,
mbovu ukifuata, mguu mzima kwanza.
Nilihesabu hadi mlango wa chini ukafunga.

Leo punje imeongezeka unene wa unywele.
Nimeandika namba, nimefuta namba, nimepima tena.
Unywele kweli.
Bomba bado linakoroma.
Sijamwambia mtu.