Kilo za Watu

Usiwashe tena.
Ndilo neno langu la kwanza kwa kila anayepanda ngazi hizi,
juu ya duka la mbolea, Kiboriloni:
usiwashe tena.
Kila ukiwasha, unakwaruza kile ulichokuja kukitafuta.

Bi. Filotea kaileta diski ndani ya kopo la biskuti,
kaiviringa kitenge kama yai la kutamiwa.
Karani wa chama cha msingi, Uru, miaka kumi na tisa.
"Ina nini humu?"
"Kilo," anasema. "Kilo za watu."

Naichomeka mara moja tu, nusu dakika, sikio juu yake.
Inazunguka. Mota basi nzima.
Kisha: tak. Tak. Tak.
Kichwa kinatoka kutafuta njia, hakiioni, kinarudi,
kinatoka tena, kama mlevi anayejaribu ufunguo wake
kwenye mlango wa jirani.

Mpwa wake, fundi simu, alimshauri aigandishe.
Imelala kwenye friza siku mbili, ubavuni mwa maini.
Sisemi kitu. Napangusa unyevu.

Namweleza: ndani mna sahani nyororo kuliko kioo,
na kichwa huelea juu yake bila kuigusa,
karibu kiasi kwamba chembe ya moshi haipenyi katikati.
"Moshi?" anacheka, mara ya kwanza tangu aingie.
"Basi mji wenyewe ndio adui."

Siku nane nikasubiri pacha wake kutoka Arusha,
diski iliyokufa kwa ugonjwa mwingine:
namba ileile, kiwanda kilekile, vichwa vizima.
Nikafunga feni ya dirishani, nikavaa glovu,
nikaingiza mikono katika sanduku la kioo nililoliunda mwenyewe,
nikamvua maiti vichwa vyake
nikamvika mgonjwa.
Sikupumua vizuri. Fundi yeyote anayesema hupumua, mwongo.

Bi. Filotea akakataa kurudi nyumbani.
Tukanakili sekta kwa sekta, tangu mwisho kurudi mwanzo;
penye ugumu tukaruka, tutarudi baadaye,
kama mwanafunzi kwenye mtihani wa hesabu.
Saa tano usiku umeme ukakatika mtaa mzima.
Betri ya akiba ikalia kama kifaranga, ikashika.

Kuna kilichofutwa, nikamwambia, ambacho hakijafutika:
kompyuta huchana ukurasa wa yaliyomo tu,
sura zenyewe zimo, mpaka ziandikwe juu yake nyingine.
Akanyamaza.
"Hata za yule mwenyekiti wa zamani?"
Nikasema hiyo si kazi niliyolipwa.

Alfajiri, mlima ukiwa bado umejifunika,
majina yakaanza kushuka kwenye kioo:
msimu, kahawa ya maganda, malipo ya kwanza, malipo ya pili.
Karibu yote. Si yote.
Mistari mitatu ina majina, haina kilo.

"Temu, mia mbili arobaini na moja," akasema papo hapo.
"Mzani uligoma siku ile, tukapima mara tatu."
Wa pili akaufikiria, akaupata,
kwa sababu mama yule alikuwa mjamzito na alikaa juu ya gunia.
Wa tatu akautazama mpaka chai ikapoa.
Nikamwambia, kisia tu, nani atajua?
"Acha wazi," akasema.
"Nikijaza nitakuwa mwizi, hata nikipatia."

Akashuka na nakala tatu:
moja ya ofisi, moja ya kabati la parokia,
moja hakuniambia ya wapi.

Nami nikavuta droo yangu.
Mna fleshi ya buluu, sauti ya marehemu kaka,
dakika sita, hazipo pengine popote duniani.
Mganga hajigangi.
Fleshi haina tak. Ikifa, hufa kimya,
jana inafunguka, leo inakutazama tu.

Kesho, nikasema.
Halafu nikaanza kutafuta kebo.