Swali Lisilo na Nyota

Katika Bunge la Assam, pale Dispur,
maswali ni ya namna mbili.
Lenye nyota, waziri husimama akalijibu kwa kinywa chake,
na kama hakunywa maji kwanza, atayanywa katikati.
Lisilo na nyota hujibiwa kwa karatasi,
karatasi huwekwa mezani,
na meza haina masikio.

Mimi ni karani wa maswali.
Mwaka wa ishirini na mbili huu nagawa nyota kwa kura,
natia mkono katika kopo lililokuwa la biskuti.
Mheshimiwa Nirupoma Pegu hana nyota ya jaha.
Kopo linamkataa.

Huja mwenyewe, hatumi kijana,
viatu vina tope la kwao lililokaukia njiani.
Alikuwa mwalimu; mwandiko wake umesimama
kama watoto mstarini asubuhi:

Je, Waziri wa Maji atalieleza Bunge
(a) tuta la Bortopa limejengwa mita ngapi;
(b) kwa rupia ngapi, na zimepokelewa na nani;
(c) kama halijajengwa, kwa nini;
(d) Shule ya Msingi ya Bortopa, wanafunzi sitini na mmoja,
iko wapi?

Jibu likarudi, muhuri umekaa sawa:

(a) Taarifa inakusanywa.
(b) Taarifa inakusanywa.
(c) Swali halizuki.
(d) Ipo.

Halizuki.
Neno hili nimelipiga chapa hata vidole vyangu
vinaliandika usingizini, juu ya mgongo wa mke wangu.
Luit ndio unaozuka, Juni, usiku, bila taarifa ya siku kumi na tano.
Fungu la mchanga huzuka palipokuwa na haradali ya mtu.
Dawati huzuka siku ya nne, miguu juu,
jina la mtoto limechongwa ubavuni.
Kila kitu kule huzuka,
isipokuwa swali.

Kamati ya Makadirio ikaenda kuona. Nilifuatana nayo, kuandika.
Waheshimiwa saba, chupa za maji dazeni mbili,
mwavuli mmoja, wa mwenyekiti.

"Shule iko wapi?" akauliza mwenyekiti.
Bi Pegu akanyosha kidole majini.
"Nauliza jengo."
"Nami najibu jengo."

Mhandisi akakunjua ramani. Kidole chake
kikaikuta shule palepale, kavu, ina na uwanja.
Sote tukainamia ramani.
Ilikuwa ramani nzuri.

Mtoto mmoja, miaka tisa hivi, akapenya katikati yetu
akauliza kama tumeleta kengele.
Hilo sikuliandika.
Shahidi hakuwa ameapishwa.

Tulikunywa chai. Ripoti ilisema kamati imeridhika na mapokezi.

Kisha kikao kikafungwa,
na swali ambalo halijajibiwa hufa na kikao chake;
hakuna matanga, kanuni haisemi azikwe wapi.
Machi akarudi na karatasi ileile,
tope lilelile,
nukta kwa nukta, ila tarakimu moja:
wanafunzi hamsini na wanne.

Nikaitazama tarakimu. Nikamtazama yeye.
Saba.
Huenda wamehamia mjini kwa shangazi zao,
huenda wanachunga, huenda.
Hakusema. Nami kazi yangu ni kupokea maswali,
sikuajiriwa kuuliza.

Leo asubuhi nimelitikisa kopo mbele ya mashahidi wawili,
kama kanuni inavyotaka. Nimefumba macho.
Karatasi moja ilikuwa imekunjwa nene kuliko wenzake,
kona yake imenasa ukingoni, inangoja kidole.

Mkiniuliza imenasaje,
taarifa inakusanywa.